Kuchagua Matairi ya A/T kwa Gari la 4x4 la Kila Siku: Mwongozo Kamili

Mnunuzi wa matairi ya A/T (all-terrain, yaani ya kutumika kwenye lami na nje ya lami) kwa kawaida huanza na macho. Hutazama ukubwa wa meno, upana wa mifereji na maandishi meupe ya ubavuni, kisha huuliza bei. Meno yana umuhimu wake, na yatafikiwa kwa zamu yake, lakini kwa gari la 4x4 linalokwenda kazini asubuhi na kurudi jioni, jambo zito zaidi ni jinsi mwili wa tairi ulivyojengwa: nyuzi zake zina nguvu gani, linabeba uzito gani, na linahitaji upepo kiasi gani ili libebe uzito huo. Matairi mawili yenye jina moja, meno yaleyale na kipimo kilekile yanaweza kulifanya gari moja liwe tulivu au ligonge kila shimo, kwa sababu tu mwili wa moja ni wa gari la abiria na wa jingine ni wa lori jepesi. Mwongozo huu unafuata mpangilio unaoweka uamuzi huo kabla ya meno, kinyume na unavyofanywa mara nyingi.

Hatua ya kwanza: Andika safari zako jinsi zilivyo

Kabla ya kuulizia tairi lolote, andika kwa mwezi mmoja kilomita unazotembea kwenye lami kavu, lami yenye maji, changarawe, tope, mchanga, na theluji kama unaishi inakoanguka. Kumbukumbu hudanganya, kwa maana safari moja ya kukwama matopeni hukaa akilini kuliko siku mia za lami, na mtu hujikuta akinunua matairi ya siku ile moja. Ukishapata hesabu, weka pembeni yake jambo la pili: ni wapi tairi likishindwa utapata hasara kubwa zaidi? Kukwama kwenye tope la kijijini kunachosha. Kushindwa kusimama kwenye lami yenye maji nyuma ya basi ni jambo la aina nyingine kabisa. Ndiyo maana breki za kwenye mvua zinastahili kupewa uzito mkubwa hata kama kilomita za mvua ni chache.

Matairi ya magari haya hugawanywa katika makundi manne yanayotambuliwa kwa herufi. H/T ni ya barabara kuu: meno yamekaribiana, mifereji ni myembamba, kelele ni ndogo, na kwenye lami yenye maji hushika vizuri. M/T ni ya matope: meno makubwa yaliyoachana sana, ambayo hujisafisha yanapozunguka, lakini hunguruma kwenye lami na kuteleza mvua inaponyesha. A/T iko katikati, na R/T ni kundi la siku za karibuni lililowekwa kati ya A/T na M/T, lenye mabega ya M/T na mstari wa kati wa A/T. Kwa gari la kila siku ningeiondoa R/T mapema, isipokuwa kama njia ya nyumbani yenyewe ni mawe na tope kwa miezi mingi. Wengi wanaoinunua huvutiwa na sura yake.

Iwapo hesabu yako inaonyesha kwamba kilomita tisa katika kila kumi ni za lami, na ile ya kumi ni changarawe iliyoshindiliwa vizuri, H/T yenye ubora inaweza kukufaa kuliko A/T yoyote. Hakuna aibu katika jibu hilo. A/T huanza kustahili gharama yake pale ambapo changarawe ina mawe yenye makali, ambapo barabara ya udongo hugeuka tope kila msimu wa mvua, au ambapo hutegemei kukuta mtu wa kukuvuta. Unachopokea ni meno yasiyochanika haraka na mshiko kwenye udongo uliolegea. Unachotoa ni mafuta kidogo zaidi, kelele zaidi, na katika modeli nyingi, umbali mrefu zaidi wa kusimama kwenye lami yenye maji.

Hatua ya pili: Soma kibandiko na tairi lililopo

Fungua mlango wa dereva, utakuta kibandiko chenye kipimo cha tairi na upepo uliopendekezwa na mtengenezaji wa gari. Kipige picha. Kisha soma ubavu wa tairi lililofungwa, kwa kuwa mwenye gari wa awali anaweza kuwa aliweka kipimo tofauti. Tuseme umesoma 265/65R17 112S. Namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo. R inaonyesha kwamba ni radiali, yaani nyuzi zake zimekatiza tairi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 112 ni kielelezo cha mzigo, ambacho kwenye jedwali la kimataifa ni sawa na kilo 1,120 kwa tairi moja, na S ni kielelezo cha mwendo, yaani kilomita 180 kwa saa. Herufi utakazokutana nazo mara nyingi kwenye A/T ni Q ya 160, R ya 170, S ya 180, T ya 190 na H ya 210.

Tairi jipya lisiwe na kielelezo cha mzigo kilicho chini ya kile cha kiwandani. Hesabu ya kujihakikishia ni nyepesi: tafuta kwenye kitabu cha gari uzito wa juu unaoruhusiwa kwa ekseli ya nyuma, ugawanye kwa mbili, na uone kama tairi linaubeba na kubakisha nafasi. Kielelezo cha mwendo nacho kina sheria zake. Nchi nyingi hazikubali kukishusha chini ya cha kiwandani, na kampuni ya bima inaweza kukitumia kama sababu ya kukataa kulipa. Hutaendesha kilomita 180 kwa saa, hilo linajulikana, lakini kielelezo hicho hupima pia uwezo wa tairi kustahimili joto, na joto ndilo adui mkubwa wa tairi lenye mzigo.

Hatua ya tatu: Chagua mwili wa tairi kabla ya meno

Tazama tena ubavuni, mahali panapotangulia namba ya upana. Kipimo kinachoanza na herufi P, au kisichotanguliwa na herufi yoyote, kwa kawaida ni cha tairi la daraja la magari ya abiria, hata kama meno yake yanaonekana makali. Kipimo kinachoanza na LT ni cha daraja la malori mepesi: nyuzi nene zaidi, ubavu mgumu zaidi, na mara nyingi meno marefu zaidi. LT huongezewa herufi ya daraja la mzigo, C, D au E, ambazo kwa lugha ya wauzaji ni tabaka 6, 8 na 10. Usitarajie kuhesabu tabaka kumi ukilipasua tairi la E. Kwa kawaida ubavuni utakuta mbili au tatu. Hesabu hiyo imerithiwa kutoka enzi za nyuzi za pamba na leo hutaja nguvu tu.

Wengi hujikwaa hapa kwa kudhani kwamba LT hubeba zaidi katika hali zote. Chukua kipimo cha 265/70R17. Tairi la daraja la abiria lenye kielelezo 115 hubeba kilo 1,215 kwa upepo wa karibu psi 35 (psi ni kipimo cha upepo, pauni kwa inchi ya mraba). Tairi la LT daraja C la kipimo hichohicho huwa na kielelezo 112, yaani kilo 1,120, na huufikia uwezo huo likiwa na psi 50. Daraja E lina kielelezo 121, kilo 1,450, likijazwa psi 80. Hata ukifuata desturi ya Marekani ya kugawanya uwezo wa tairi la abiria kwa 1.10 linapofungwa kwenye pikapu au gari la 4x4, bado unabaki na takriban kilo 1,105 kwa upepo wa kawaida. Kwa hiyo LT iliyojazwa upepo ulioandikwa mlangoni inaweza kuwa na uwezo mdogo kuliko tairi la kiwandani ulilolitoa. Faida yake hupatikana unapoongeza upepo, na pia katika ubavu unaostahimili mawe na visiki.

Anayehitaji LT ni yule anayebeba mzigo karibu na kikomo cha gari mara kwa mara, anayevuta trela zito, au anayepita kwenye mawe yenye makali kiasi kwamba kupasuka kwa ubavu ni hofu ya kila wiki. Familia inayosafiri na mizigo ya kawaida, ikipita changarawe mwishoni mwa juma, itahudumiwa vizuri na A/T ya daraja la abiria. Gharama ya kubeba nguvu usiyoihitaji ni ya kila siku: tofauti ya uzito kati ya daraja la abiria na daraja E katika kipimo hiki inaweza kufika kilo nne hadi sita kwa kila tairi, na uzito huo unakaa nje ya springi, mahali ambapo shokapu, breki na injini huuhisi zaidi. Gari huondoka kwa uvivu, huruka badala ya kutulia kwenye matuta madogo, na hunywa mafuta zaidi. Ubavu mgumu nao, ukiwa na mzigo mdogo, haujikunji vya kutosha ili meno yakae chini yote.

Soma jina kamili la modeli, kwa kuwa jina la biashara halitoshi. BFGoodrich All-Terrain T/A KO2 ya 265/70R17 imeuzwa katika daraja C na pia katika daraja E, na hayo ni matairi mawili tofauti kwa dereva ingawa meno yake yanafanana. Cooper waliigawa familia ya Discoverer AT3 wazi zaidi: 4S kwa vipimo vya abiria, LT kwa malori mepesi, na XLT kwa kazi nzito na meno marefu. Muuzaji anayesema tu kwamba modeli fulani ipo dukani hajajibu swali. Muulize ni daraja gani, kisha lisome mwenyewe.

Kuna historia inayoonyesha kwa nini mzigo, upepo na joto havitenganishwi. Agosti 2000, kampuni ya Firestone ilianza kurudisha matairi yapatayo milioni 6.5 nchini Marekani, yakiwemo ya Wilderness AT, ambayo mengi yalikuwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer. Uso wa tairi ulikuwa ukibanduka kutoka kwenye mikanda yake ya chuma gari likiwa mwendoni, na magari kupinduka. Kampuni hizo mbili zililaumiana, na moja ya hoja zilizogombaniwa ilikuwa upepo wa psi 26 ambao Ford ilikuwa imeupendekeza. Sheria iliyopitishwa Marekani mwaka huohuo ndiyo iliyozaa sharti la kuweka vihisio vya upepo kwenye magari mapya. Jinsi tatizo linavyotokea ni rahisi kueleza: tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi kila linapozunguka, kujikunja huzaa joto, na joto hulegeza mshikamano wa mpira na chuma. Mzigo na mwendo huongeza kasi ya yote hayo.

Hatua ya nne: Amua ukubwa, ukianza na ule wa kiwandani

Kama huna sababu inayotajika ya kubadilisha kipimo, usikibadilishe. Kipimo cha kiwandani kinakubaliana na gia, kipima mwendo, breki na nafasi ya tairi la akiba. Anayetaka kupanda hatua moja afanye hesabu kwanza. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha takriban milimita 776: upana mara asilimia ya ubavu, mara mbili, kisha unaongeza rimu ya inchi 17 ambayo ni milimita 431.8. Tairi la 265/70R17 lina takriban milimita 803. Tofauti ni milimita 26.5, au asilimia 3.4. Gari linainuka kwa nusu ya tofauti hiyo, yaani milimita 13, unene wa kidole kimoja tu. Kwa upande mwingine, kipima mwendo kilichokuwa sahihi kikisoma 100, gari litakuwa linakwenda zaidi ya 103, na gia zote zinakuwa ndefu kwa asilimia ileile, jambo ambalo injini dhaifu itakulalamikia kwenye kila mlima.

Mafundi wengi hutumia asilimia 3 kama mpaka wa kukaa salama bila kurekebisha kitu kingine. Ukiuvuka, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili gari likiwa limepakiwa, na uone kama tairi linagusa madigadi au chasi. Kisha lijaribishe tairi la akiba mahali pake, maana si mara moja watu wamegundua njiani kwamba halikutoshea na limeachwa nyumbani. Upana nao uwe ndani ya kiwango cha rimu kilichoandikwa kwenye jedwali la mtengenezaji wa tairi. Kuongeza upana kwa ajili ya sura peke yake siipendekezi kwa gari la kila siku: tairi pana zaidi lina maji mengi zaidi ya kusukuma kando kwenye lami, na huanza kuelea mapema.

Jambo moja halina mjadala. Matairi yote manne yawe ya modeli moja, kipimo kimoja na uchakavu unaokaribiana. Milimita moja ya meno ikiisha, mzingo wa tairi hupungua kwa milimita 6.3. Katika gari lenye mfumo wa magurudumu yote manne unaofanya kazi muda wote, mizingo ikitofautiana, difu ya katikati hulazimika kufanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka, ikichemsha mafuta yake na kujila. Katika mfumo unaounganishwa kwa mkono, tofauti hiyo huleta mvutano mara tu unapounganisha ekseli ya mbele. Kwa hiyo bajeti iwe ya matairi matano, akiba ikiwemo. Anayeweza kununua mawili tu kwa sasa ni heri asubiri kuliko kuchanganya.

Hatua ya tano: Sasa tazama meno na mpira

Weka kidole kwenye uso wa tairi. Mstari wa katikati ukiwa na meno yaliyokaribiana au kuunganishwa, gari litanyooka vizuri kwenye lami na breki zitakuwa imara. Mifereji mipana kwenye mabega hutoa tope na maji. Chini ya mifereji utaona vinundu vidogo vya mpira; kazi yake ni kuzuia mawe yasikwame na kutoboa hadi kwenye mikanda ya chuma, jambo la thamani kwa anayepita changarawe kila siku. Tazama pia mikato myembamba kama ya wembe iliyochorwa juu ya kila jino. Hiyo ndiyo inayolipatia jino kingo nyingi za kushika lami yenye maji na barafu. Chunguza inaingia kina gani, kwa sababu mikato mifupi hutoweka tairi likifika nusu ya umri wake, na mshiko wa mvua huondoka nayo.

A/T mpya huwa na meno ya milimita 10 hadi 13 hivi, wakati H/T huwa karibu na 8 au 9. Urefu huo huongeza maisha, lakini meno marefu hupinda chini ya breki na kwenye kona, kwa hiyo usukani wa tairi jipya huhisi mzito na mvivu kidogo. Kelele hutokana na meno yanayogonga lami kwa mpigo mmoja. Watengenezaji makini huyapa meno urefu tofautitofauti kuzunguka tairi ili sauti isijikusanye katika mlio mmoja. Ukisimama kando na kuona meno yote yanafanana kabisa, tarajia mvumo. Na tarajia kelele iongezeke kadiri tairi linavyochakaa, hasa ukichelewa kuzungusha matairi.

Mpira wenyewe hauonekani ubora wake kwa macho, hivyo tegemea alama. M+S (matope na theluji) ni tamko la mtengenezaji kuhusu umbo la meno tu. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake hupatikana kwa kipimo: tairi lazima lishinde tairi la rejea kwa asilimia 10 au zaidi katika mvuto juu ya theluji. Tofauti ya alama hizi imeingia hata kwenye sheria; Ujerumani, tangu Oktoba 2024, haikubali tena M+S peke yake kama tairi la majira ya baridi. Mahali pasipo na theluji alama hiyo si sharti, na ningetazama zaidi kibandiko cha Umoja wa Ulaya pale kinapopatikana. Tangu Mei 2021 kinatumia madaraja ya A hadi E kwa mafuta na kwa mshiko kwenye maji, na kelele hutajwa kwa desibeli. Daraja la maji liwe la kwanza kusomwa. Ukikuta matairi mawili yanayokaribiana kwa kila kitu, na moja likazidi kwa daraja moja la maji, hilo ndilo la kununua, hata kama meno ya lile jingine ni mazuri zaidi.

Marekani hutumia mfumo mwingine unaotaja uchakavu, mvuto na joto, lakini haulazimishwi kwa matairi ya LT, kwa hiyo usishangae kutouona. Namba ya uchakavu linganisha ndani ya kampuni moja tu. Kila kampuni hujipimia yenyewe.

Hatua ya sita: Dukani

Tafuta mfululizo unaoanza na DOT na usome tarakimu nne za mwisho. 3524 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2024. Mara nyingi tarakimu hizo huwa upande mmoja wa tairi, kwa hiyo omba ligeuzwe. Mimi ningelikataa tairi lililozidi miaka miwili rafuni kama ninalipa bei kamili, na lililoanikwa nje juani ningelikataa hata likiwa la mwezi uliopita. Hakikisha matano yote yametoka katika majuma yanayokaribiana, na kwamba daraja la mzigo ni lilelile kwenye kila moja. Omba karatasi ya vipimo, ambamo uzito wa tairi na kina cha meno huandikwa. Ukilinganisha modeli tatu kwa namba hizo mbili utajifunza mengi kuliko maelezo ya nusu saa. Uliza pia kama modeli hiyo huagizwa mara kwa mara. Tairi la sifa nyingi ambalo moja likipasuka huwezi kulipata tena litakulazimisha kununua manne.

Hatua ya saba: Kufunga na kuweka upepo

Wakati wa kufunga, valvu zibadilishwe, magurudumu yafanyiwe balansi, na nati zikazwe kwa spana yenye kipimo kulingana na kitabu cha gari. Zikaguliwe tena baada ya kilomita 80 hadi 100. Alaimenti ifanyike siku hiyohiyo, kwa kuwa meno ya A/T huonyesha kasoro ya alaimenti haraka kwa kuchongoka upande mmoja. Kwa kilomita mia chache za mwanzo endesha kwa utulivu, hasa kwenye mvua, hadi mafuta yaliyobaki kutoka kwenye kalibu yaishe usoni.

Upepo hupimwa tairi likiwa limepoa, asubuhi kabla ya safari. Ukichagua daraja la abiria katika kipimo cha kiwandani, anza na namba ya kibandiko cha mlangoni. Ukichagua LT, namba hiyo haitoshi. Katika jedwali la mizigo, linaloonyesha uzito ambao tairi hubeba kwa kila kiwango cha upepo, tafuta uzito ambao tairi la kiwandani lilibeba kwa upepo wa kibandiko, kisha tafuta upepo ambao LT yako inaubeba uzito huohuo. Jibu mara nyingi huwa juu ya kibandiko kwa psi 5 hadi 10, wakati mwingine zaidi. Namba kubwa iliyochapwa ubavuni ni kikomo cha juu tu. Anayejaza hadi hapo gari likiwa tupu atakaa juu ya mstari mwembamba wa katikati na kuumaliza kabla ya mabega.

Kurekebisha zaidi kuna kanuni ya madereva wa safari ndefu, ambayo hutumika juu ya jedwali la mizigo na kamwe si badala yake. Pima upepo tairi likiwa la baridi, endesha kwa mwendo wako wa kawaida hadi lipate joto, kama nusu saa au zaidi, kisha pima tena. Ongezeko la karibu psi 4 kwa tairi la abiria, au karibu psi 6 kwa LT, linaonyesha kwamba upepo unalingana na mzigo. Likizidi sana, tairi linajikunja kupita kiasi, ongeza. Likiwa dogo sana, unaweza kupunguza kidogo, mradi usishuke chini ya jedwali. Kwa anayetaka kuona kwa macho, chora mstari mpana wa chaki kukatiza meno, tembea mita mia moja kwenye lami kavu iliyonyooka, na uangalie ni sehemu gani imefutika.

Kwenye changarawe mbovu, kushusha upepo kwa takriban robo hulainisha safari na kupunguza kutobolewa, kwa kuwa tairi hujikunja juu ya jiwe badala ya kulipiga. Kwenye mchanga wengi hushuka hadi psi 15 au 20. Mwendo ushuke pamoja na upepo, na pampu iwe ndani ya gari, kwa maana kurudi kwenye lami na psi 18 kwa mwendo wa barabara kuu ni kuliomba tairi libanduke.

Matunzo na kuyatoa

Zungusha matairi kila kilomita 8,000 hadi 10,000, ukiliingiza la akiba kwenye mzunguko ili matano yazeeke pamoja. Mpangilio wa kuvuka, nyuma kwenda mbele na kulia kwenda kushoto, huondoa ile hali ya jino kuliwa upande mmoja inayoleta mvumo. Matairi yenye mshale wa mwelekeo hubaki upande wake. Pancha ya katikati ya uso isiyozidi milimita 6 huzibwa kwa ndani kwa kiraka chenye kijiti. Ubavu haukubali kiraka. Tairi lililotembezwa bila upepo lazima litolewe kwenye rimu na kukaguliwa ndani kabla ya kurudishwa kazini, hata kama nje linaonekana zima.

Sheria za nchi nyingi huweka kikomo cha meno kuwa milimita 1.6, na vituta vidogo ndani ya mifereji huonyesha kiwango hicho. Kwa A/T inayotumika kwenye mvua hicho ni kiwango cha kuchelewa mno, kwa sababu mikato myembamba huwa imekwisha muda mrefu kabla. Panga kununua seti mpya meno yakifika milimita 4, na usivuke 3. Umri nao una mpaka wake: kuanzia mwaka wa tano tairi likaguliwe na fundi kila mwaka, na watengenezaji kadhaa wanataka lililofika miaka kumi tangu kutengenezwa litolewe hata likiwa na meno kamili. La kwanza kufikia umri huo huwa ni tairi la akiba.